Lugha unaijua, shairi linakupita: sayansi ya kusikiliza ushairi jukwaani kwa lugha ya pili

Swali la haraka. Kama unaweza kusoma gazeti zima la Kiingereza bila kugusa kamusi, kwa nini shairi la dakika tatu, kwa Kiingereza hichohicho, likisomwa jukwaani usiku linakuacha umeshika mstari mmoja tu?

Wengi hujibu kwa kujihukumu: "Kumbe Kiingereza changu kibovu." Wanapiga makofi wenzao wakipiga, wanacheka sekunde moja baada ya ukumbi kucheka, na mwezi unaofuata hawaendi tena. Makala hii inakuletea jibu jingine. Kusoma lugha ya pili na kuisikiliza ukumbini ni kazi mbili tofauti kwa ubongo, na hiyo ya pili ni ngumu kwa sababu zinazojulikana na zinazopimika. Ukizijua, utaacha kujilaumu bure, na utajua pia ukae wapi na ufanye nini ili shairi likufikie.

Huna ukurasa wa kurudi nyuma

Mashindano ya ushairi wa jukwaani tunayoyaona leo Nairobi, Kampala au Dar es Salaam yamerithi mengi kutoka kwa kitu kilichoanza Chicago miaka ya 1980. Marc Smith, aliyekuwa mfanyakazi wa ujenzi, alitaka kuuondoa ushairi kwenye usomaji wa kusinzia. Mwaka 1986 akaanzisha usiku wa mashindano katika klabu ya jazi iitwayo Green Mill. Kanuni zake zilisambaa: majaji huteuliwa kutoka miongoni mwa wasikilizaji, wanatoa alama 0 hadi 10, na mshairi ana takriban dakika tatu tu.

Hebu tupige hesabu ya hizo dakika tatu. Kiingereza cha mazungumzo ya kawaida huenda kwa kasi ya kama maneno 150 kwa dakika. Washairi wa jukwaani mara nyingi huzidi hapo, lakini tuseme 150. Hayo ni maneno 450, yaani maneno mawili na nusu kila sekunde. Ukikwama kwenye neno moja kwa sekunde mbili ukijiuliza "hilo ni nini tena?", maneno matano yameshapita. Na hayo matano huenda ndiyo yangekueleza lile ulilokwama nalo.

Sasa ongeza suala la msamiati. Mwaka 2000 watafiti Hu na Nation waliwapa wanafunzi wa Kiingereza hadithi ya kusoma, wakibadilisha idadi ya maneno yasiyojulikana. Waliona kwamba ili mtu aelewe vizuri bila msaada, anahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno. Kwa shairi letu la maneno 450, hiyo ina maana unaruhusiwa kukosa maneno tisa hivi. Na hapo tunazungumzia kusoma, ambako jicho linaweza kurudi nyuma likitaka. Sikio halina nafasi hiyo.

Sikio halipewi maneno, linayakata lenyewe

Ukitazama sauti ya mtu anayezungumza kwenye programu ya kurekodia, utaona kitu cha ajabu: hakuna nafasi kati ya maneno. Nafasi zile ni za maandishi tu. Tena ukimya mwingine unatokea katikati ya neno. Sema "kitabu" polepole: kabla ya "t" hewa inazuiwa, sauti inakatika kidogo, halafu inaendelea. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya sikio ni kukata huo mkufu wa sauti vipandevipande, na kila lugha ina mahali pake pa kukata.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa. Mkazo huwa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, vi-ta-BU-ni, wa-na-o-SO-ma. Ukisikia mkazo tu, unajua imebaki silabi moja neno liishe. Isitoshe, kila silabi hutamkwa kamili, hakuna inayomezwa. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kujenga ushairi juu ya hesabu ya silabi: mshororo wa mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, vina katikati na vina mwishoni. Huwezi kuhesabu hivyo katika lugha ambayo nusu ya silabi zake zinamezwa njiani.

Na Kiingereza ndiyo lugha ya namna hiyo. Mapigo yake hufuata silabi zenye nguvu. Zile dhaifu katikati hubanwa, mpaka neno kama "and" hubaki "n" tu. Silabi yenye nguvu mara nyingi ndiyo inayofungua neno. Mzawa wa Kiingereza huitumia kama ishara kwamba hapo pengine neno jipya linaanza. Kwa Mswahili, mkazo ni ishara kwamba neno linakaribia kuisha. Mkazo ni uleule, ila ujumbe wake umegeuka.

Je, sikio haliwezi kubadilisha mbinu tu likisikia lugha nyingine? Anne Cutler na wenzake walilijaribu jambo hili kwa Wafaransa na Waingereza, na matokeo wakayachapisha mwaka 1986. Wafaransa, ambao lugha yao nayo inategemea silabi, waliendelea kutumia mbinu ya silabi hata walipokuwa wanasikiliza maneno ya Kiingereza. Waingereza hawakuitumia hata kwa maneno ya Kifaransa. Kwa maneno mengine, tunasikiliza lugha ya wengine kwa mikasi ya nyumbani.

Irabu tano ndani ya ukumbi wa irabu ishirini

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kwa kawaida huhesabiwa kuwa na sauti za irabu 20 hivi, ukijumlisha zile zinazoteleza kutoka irabu moja kwenda nyingine. Ina maana irabu zao kadhaa zinagombania chumba kimoja kwetu. Chukua maneno "hut", "hat", "heart" na "hurt": kibanda, kofia, moyo na maumivu. Kwa masikio mengi ya Afrika Mashariki, yote manne yanaangukia karibu na "a" yetu moja.

Kwenye mazungumzo ya kawaida hili halina shida, muktadha unaamua. Mtu akisema ameenda hospitali kupimwa, hakuna atakayedhani kapimwa kofia. Lakini mshairi ndiye hasa anayecheza kwa "heart" na "hurt", akiziweka jirani ili zigongane. Wewe unasikia neno lilelile mara mbili na kujiuliza watu wanashangilia nini.

Habari njema ni kwamba lafudhi ya msomaji ina uzito wake. Mwaka 2003 Bent na Bradlow walionyesha kwamba msikilizaji wa lugha ya pili anaweza kumwelewa mzungumzaji mwingine wa lugha ya pili, mwenye asili ya lugha kama yake, angalau sawa na anavyomwelewa mzawa. Kwa hiyo kama mshairi wa Kisumu anakuingia vizuri kuliko yule mgeni kutoka London, si kwamba umezoea Kiingereza "kibovu". Ninyi wawili mnagawa sauti kwa namna moja.

Kelele haiwaumizi wote sawasawa

Kumbi zetu tunazijua. Feni inazunguka, jikoni sahani zinagongana, nje bodaboda inapita, meza ya nyuma wanaagiza soda. Kelele hiyo ni ileile kwa kila mtu aliyemo, lakini hasara si ileile.

Mwaka 1997 Mayo, Florentine na Buus waliwapima watu wa Marekani waliokuwa wakizungumza Kiingereza. Baadhi walikijua tangu utotoni, na wengine, ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kihispania cha Meksiko, walijifunza baada ya kubalehe. Kundi hili la mwisho lilivumilia kelele kidogo zaidi kabla ya kupotea. Cha kuvutia zaidi, hawakufaidika na muktadha wa sentensi kama wengine. Mzawa akifunikiwa neno moja na kelele, hulijaza kutokana na yaliyotangulia. Aliyechelewa kujifunza nayo hayo yaliyotangulia ameyasikia nusunusu, kwa hiyo hana cha kujazia.

Jengo lenyewe nalo linachangia. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Ukuta mtupu wa zege ukiwa mita 10 nyuma yako, mwangwi wake unakurudia baada ya kutembea mita 20 zaidi, yaani karibu sekunde 0.06 baadaye. Kwa kasi ya mshairi, hapo silabi inayofuata imeshaanza kutoka, na mwangwi wa ile ya kwanza unaipaka matope.

Ubongo unaokisia, na mshairi anayeukwepa

Soma sentensi hii: "Asubuhi nimekunywa chai na viatu."

Umeshtuka kidogo, sivyo? Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard walipima umeme wa ubongo kwa watu waliosoma sentensi zenye mwisho wa ajabu namna hiyo. Waliona wimbi maalumu likijitokeza kama milisekunde 400 baada ya neno lisilotarajiwa. Wanasayansi hulitumia wimbi hilo mpaka leo kama dirisha la kuona ubongo ukihangaika kulifunga neno kwenye maana. Kwa lugha ya pili, hasa kama hujaizoea sana, wimbi hilo mara nyingi huchelewa. Ni sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini katika shairi ucheleweshaji hujumlika. Ule mcheko wako wa kuchelewa ndio huo.

Sasa, ushairi unaishi kwa kuvunja matarajio. Mshairi atakuambia mvua ilikuja kudai kodi, au kaburi la bibi limejifunza kuimba. Mzawa anashtuka, anafurahia mshtuko, anasonga mbele. Wewe una swali la ziada kabla ya kufurahi: je, amesema kweli "kodi", au nimesikia vibaya? Katika lugha ya pili, tamathali nzuri na sikio lililokosea vinafanana sana.

Hapa ndipo vina na mapigo yanapokuwa rafiki. Shairi likiwa na vina, sikio linajua mshororo utaishia kwa sauti gani, na likiwa na kibwagizo linapata pumziko la uhakika kila ubeti. Shairi huru la jukwaani halikupi vishikizo hivyo kwa urahisi. Basi ukilielewa shairi la vina zaidi ya shairi huru, ladha yako si ya kizamani, ni hesabu tu.

Hata Kiswahili ni lugha ya pili kwa wengi

Tusijifanye kwamba shida hii ni ya Kiingereza peke yake. Mamilioni ya watu Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi wamekianza Kiswahili baada ya lugha ya nyumbani. Mpeleke mwanafunzi aliyekulia Kisukuma au Kiluo, mwenye alama nzuri kabisa za Kiswahili, kwenye mashindano ya mashairi Lamu au Mombasa. Atasikia "mato" badala ya macho, "nti" badala ya nchi, "ndia" badala ya njia. Atasikia maneno yaliyofupishwa ili mizani itimie na sentensi zilizopinduliwa ili kina kikae. Lahaja za pwani ya kaskazini ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya ushairi wa kale, na shule hazifundishi kuzisikiliza, zinafundisha kuzichambua karatasini.

Lakini malenga anampa kitu ambacho mshairi wa slamu hampi: anaghani. Mahadhi huvuta silabi, hupunguza kasi, na hurudia. Dakika tatu za shairi la kughaniwa zina maneno machache kuliko dakika tatu za kusema, na ubongo wa mgeni unapata muda wa kufika.

Na moyo je?

Tuseme umeyaelewa maneno yote. Je, yatakugusa kama lugha ya mama?

Harris na wenzake walichapisha jaribio kuhusu hili mwaka 2003. Waliwasikilizisha na kuwasomesha Waturuki waliojifunza Kiingereza maneno ya namna mbalimbali katika lugha zote mbili, huku wakipima jinsi ngozi inavyopitisha umeme. Mtu akisisimka, vinyweleo hutoa jasho kidogo sana na umeme hupita kwa urahisi. Maneno ya miiko yalisisimua katika lugha zote mbili. Ila makaripio ya utotoni, yale ya mzazi akigomba, yaliipiga ngozi zaidi yalipokuwa Kituruki. Unalijua hilo bila mashine. "Huna aibu wewe!" kutoka kwa mama ina joto ambalo tafsiri yake ya Kiingereza haina.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba lugha ya kwanza tuliipata pamoja na kukumbatiwa, kuchapwa, kuogopa na kubembelezwa. Ya pili wengi tuliipata pamoja na ubao na chaki. Tofauti hii hupungua kwa waliojifunza wakiwa wadogo na wanaoishi ndani ya lugha hiyo kila siku, kwa hiyo si hukumu ya maisha. Lakini inaeleza jambo linalotokea sana kwenye kumbi za Nairobi: mshairi anakwenda vizuri kwa Kiingereza, watu wanasikiliza kwa heshima, halafu anatupa mstari mmoja wa Sheng au wa lugha ya nyanya yake, na ukumbi mzima unapiga kelele.

Tena usidhani mwili unasubiri kamusi. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani waliwasomea watu mashairi huku kamera ikitazama ngozi ya mikono na miguu yao. Walikuta mashairi yanasimamisha vinyweleo hasa, na msisimko ukikusanyika karibu na miisho: mwisho wa mshororo, wa ubeti, wa shairi. Wale walisikiliza lugha yao wenyewe. Lakini miisho unaweza kuihisi hata maneno yakikupita, kwa kuwa sauti hushuka, pumzi hukatika, na mshairi hunyamaza.

Basi, ukienda fanya hivi

Kaa mbele. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua kama desibeli sita. Ndani ya ukumbi hupungua kidogo kuliko hapo, ila kelele ya meza za nyuma haipungui hata kidogo kwa ajili yako. Ukiwa mbele unapata sauti yenyewe kabla ya mwangwi wake.

Tazama mdomo. Tangu mwaka 1954 Sumby na Pollack walionyesha kwamba kumwona msemaji kunasaidia sana palipo na kelele, na kadiri kelele inavyozidi ndivyo msaada wa macho unavyozidi. Maiki ikimfunika mshairi mdomo mzima, sogea pembeni mpaka umwone.

Sikia kabla, kama inawezekana. Washairi wengi wana rekodi mtandaoni. Kusikia sauti yake kwa dakika chache kunalizoesha sikio lafudhi na mapigo yake, na ukikutana na shairi ulilokwisha kulisoma, kazi ya kukata maneno imeshafanyika.

Achia neno likupite. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa watu tuliofundishwa kutafuta maana ya kila neno jipya. Kumbuka hesabu yetu: sekunde mbili za kung'ang'ania zinakugharimu maneno matano. Shika taswira moja, subiri kibwagizo, endelea.

Na ukichoka baada ya washairi wanne, toka nje upunge upepo. Uchovu huo ni wa kweli. Wanasayansi huupima kwa kutazama mboni ya jicho, ambayo hutanuka kadiri akili inavyobeba mzigo, na kwa wasikilizaji wa lugha ya pili hutanuka zaidi.

Kwa nini tunahangaika na hili

Kwenye usiku wa mashairi, ukikosa mistari kumi hakuna anayekufelisha. Lakini hebu hamisha hali hiyohiyo darasani. Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote, halafu anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo linageuka Kiingereza. Darasa lina wanafunzi wengi, bati linapigwa na mvua, mwalimu anazungumza akiwa ameelekea ubaoni na mdomo wake hauonekani. Mwangwi, kelele, irabu zinazogongana, maneno mapya zaidi ya asilimia mbili: yote tuliyoyataja yapo, ila huyu hakuja kustarehe. Na akikaa kimya, ripoti ya mwisho wa muhula itasema "hashiriki darasani".

Mwalimu anayegeuka kuwatazama wanafunzi anaposema, anayeandika maneno mapya ubaoni kabla ya kuanza, na anayerudia jambo kuu kama kibwagizo, hajapunguza kiwango cha somo hata kidogo. Amelifikisha tu. Anayekaa kimya nyuma ya darasa huenda anafanya kazi kubwa kuliko wote waliomo, na mboni zake zingesema hivyo kama kuna ambaye angezitazama.